Shamba la Bondeni Si Letu Tena

Mwanda, Jumamosi, Agosti 1972

Ukungu umeukalia mlima tangu alfajiri na hata sasa, jua likielekea kuzama, haujaondoka. Nguo nilizofua juzi bado ni mbichi kwenye kamba. Nimeketi karibu na dirisha. Watoto wangu wawili, Shali na mdogo wake, wako jikoni wanakula kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na mama mkwe wangu yuko mlangoni anachambua maharagwe kama mtu ambaye leo hakufanya jambo lolote. Ni mimi niliyeacha kazi zangu zote nikachukua kalamu.

Jana walipigilia vigingi.

Shughuli hii ya kuunganisha mashamba imechukua zaidi ya mwaka. Zamani, na ninaposema zamani nina maana ya hadi juzi, kila nyumba hapa ilikuwa na vipande vyake huku na kule: kimoja juu penye baridi karibu na msitu, kimoja hapa nyumbani, kimoja chini kabisa kwenye joto la nyika, na kwa baadhi yetu kimoja bondeni penye maji. Serikali ikasema huu ni upuuzi, mtu kushinda njiani akipanda na kushuka badala ya kulima. Kamati ikaundwa, mpimaji akaja na minyororo yake, vipande vikapimwa na kujumlishwa, na kila mwenye ardhi akaambiwa achague mahali pamoja. Hapo atapewa eneo lake lote, lenye mipaka, na baadaye cheti chenye jina lake.

Sikuona ubaya wowote. Nani anapenda kushuka hadi nyikani na mtoto mgongoni, jembe begani na debe kichwani, akalinde kunde zake dhidi ya nyani, halafu aukwee mlima tena jioni? Wanaoyasifu maisha hayo wengi ni wanaume, na sijawahi kumwona mmoja wao na debe kichwani.

Mume wangu, Dawson, anafanya kazi ya reli kule Voi na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo ni yeye aliyesimama mbele ya kamati. Kulikuwa na mahali pawili pa kuchagua. Bondeni tungepata kidogo lakini pana maji. Hapa kwenye mteremko, kando ya barabara mpya, tungepata eneo kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia baraza aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikasema, barabarani. Sikuchukua hata muda wa kufikiri.

Mama, yaani mama mkwe wangu, hakuulizwa. Dawson hakumuuliza, na mimi sikumwambia Dawson amuulize.

Wacha niseme kwa nini. Sikufikiria shamba, nilifikiria barabara. Mtoto wangu wa kwanza hakuwa Shali. Kabla ya barabara kufika, uchungu uliponishika na mambo yakawa magumu, wanaume walinibeba kwa kitanda kuteremka mlima, wakipokezana, mvua ikinyesha na njia inateleza, tukatafute mahali gari linapoweza kufika. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika, na hakulia. Mwanamume. Alifanana na Dawson paji la uso. Mtu akiniambia barabara imekuja kuharibu kijiji, namsikiliza kwa adabu kwa sababu nimelelewa vizuri, lakini moyo wangu hauendi naye hata hatua moja.

Kwa hiyo tumepata barabara. Nyambu, jirani yetu ambaye nyumba yake iko juu tu ya kijito, amepata bonde, na ndani ya bonde hilo limo shamba la mama mkwe wangu.

Nimeandika "la mama mkwe wangu" na hapo ndipo penye shida yote. Kwa kamati lilikuwa la Dawson. Lakini hapa kwetu shamba la maji halikuwa la mwanamume. Lilitoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwanawe, na huyo kwa mke wa mwanawe, tangu watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Wanaume walijua liko, walikula nduma zake na ndizi zake, basi.

Nami nilikabidhiwa. Shali alipoanza kutambaa, Mama alinipeleka bondeni asubuhi moja. Aling'oa nduma kichwani mwa mstari, akakata kiazi chake na kuacha shina, akashika shina yeye na mimi nikashika tope, tukapanda pamoja mikono yetu ikigusana ndani ya maji. Akaniambia mambo mawili. Usiliache uchi, yaani pale ulipong'oa panda tena. Na mwanamke atakayekuja na chungu kitupu asirudi nacho kitupu, awe ni nani. Hakuna hotuba nyingine. Tukanawa, tukarudi nyumbani na kile kiazi, tukakipika siku hiyo hiyo.

Nililichukulia kama desturi ya wazee, jambo la kumridhisha. Halafu ukaja ukame ule. Maharagwe ya huko juu yakakauka, kunde za nyikani hata hazikuota. Wanawake wakaanza kushuka bondeni na vyungu, mmoja mmoja, asubuhi kabla watu hawajaamka vizuri ili wasionekane. Hakuna aliyeombwa kueleza shida yake. Mama alikuwa anang'oa, anapanda tena, anaweka chunguni na kuuliza habari za watoto. Hata wale ambao hatukuwa tunaelewana nao walipata.

Na kuna jambo lingine ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipompoteza yule mtoto sikuweza kulia nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wageni, na maombi, na watu wakinitazama kama nitavunjika. Nilikwenda kulilia bondeni. Wanawake waliokuwa wakilima mashamba yao ya jirani walikuja na majembe yao, wakalima mistari ya Mama bila kusema neno, mpaka nikanyamaza mwenyewe. Sasa kila mtu atalima ndani ya mipaka yake. Mteremko huu ni mkubwa na mzuri, na tangu jana ukiwa katikati yake humsikii mtu mwingine isipokuwa lori la mboga likibadilisha gia.

Tangu siku ya baraza Mama amekuwa akila kidogo. Hakulalamika. Ukimwekea chakula atamega mara moja, mara mbili, halafu utasikia, "Nimeshiba, mwanangu." Leso anayojifunga kiunoni sasa inamzunguka mara nyingi kuliko zamani. Nilimwandikia Dawson amletee dawa ya kuongeza hamu ya kula kutoka Voi. Akaleta chupa. Chupa iko pale rafuni, imejaa.

Nikajaribu kuwa mwerevu. Nilichukua machipukizi ya nduma kutoka bondeni nikayapanda hapa nyumbani, chini ya bomba jipya, pale maji yanapodondoka. Bomba lina zamu zake na siku nyingine halitoi hata tone. Majani yakawa ya njano, yakakunjamana. Mama akaja, akayaangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Pole yao." Nilicheka peke yangu baadaye, lakini siku ile sikucheka.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba shamba lile likienda, naye atalifuata.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta kitanda chake kitupu na jembe dogo halipo. Kabla sijatoka nje akaja Wakio, mke wa Nyambu, leso yake imelowa umande hadi magotini. Wakio ni rafiki yangu. Ametoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kule ambako maji hutafutwa, na ana miaka michache tu hapa kwetu. Hakuingia ndani.

"Mama Shali, njoo umuone mama. Ako bondeni analima."

"Analima wapi?"

"Pale pale. Na Nyambu ameenda barabarani kushusha seng'enge ya kuzungushia shamba kutoka kwa lori. Akimkuta hapo sijui wataongea aje."

"Kwa nini hukumwambia atoke?"

"Nitamwambia aje mtu mzima atoke? Hata salamu alinijibu vizuri."

Tukashuka. Njia yenyewe si ile tena. Pale tulipokuwa tukikata kwenye migomba sasa kuna katani changa zilizopandwa jana kwa mstari, mpaka wa mtu, ikabidi tuzunguke. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Niliogopa Nyambu asije akamsemesha vibaya mbele ya watu, na niliogopa zaidi kwamba Mama angekataa kutoka, akae palepale kwenye tope kama mtoto, na mimi ndiye nitakayelazimika kumshika mkono na kumvuta.

Tulimkuta ameinama, tope limefika katikati ya miguu. Alikuwa amepalilia karibu shamba lote. Magugu ameyapanga kando kwa vifungu.

"Mama, twende nyumbani. Kuna baridi."

"Nitakuja. Bado huu mstari."

"Mama." Sauti yangu ilitoka ndogo. "Hapa si kwetu tena."

Akanyooka, mkono kiunoni, akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Najua. Kigingi nilikiona, macho yangu bado mazima. Lakini shamba haipeanwi na magugu."

Sikumwelewa. Alimaliza mstari wake, akanawa mikono kwenye kijito bila haraka, halafu akamgeukia Wakio, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akitamani kutoonekana.

"Wewe mtoto wa Rukanga. Nani alikukabidhi shamba ya maji?"

Wakio akatazama chini. "Hakuna, Mama. Mama yake Nyambu nilikuta ameshazikwa."

"Basi vua viatu."

Wakio akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Sijui uso wangu ulimwambia nini. Akavua viatu vyake vya plastiki, akakunja leso, akaingia majini. Mama akaenda kichwani mwa mstari. Ule mstari naujua. Ndio ulioanza na shina tulilopanda pamoja, yeye na mimi, Shali akiwa amelala kwenye nyasi. Akang'oa nduma, akakata kiazi, akaacha shina. Yeye akashika shina na Wakio akashika tope, na wakainama pamoja.

Akamwambia mambo yale yale mawili. Usiliache uchi. Mwanamke mwenye chungu kitupu asirudi nacho kitupu.

"Nimesikia, Mama," alisema Wakio. Alikuwa analia, machozi yanamdondoka na hana mkono msafi wa kuyafuta.

Mimi nilisimama ukingoni kama mtu aliyepita kuuliza njia. Nilihisi wivu. Naandika neno lenyewe kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia: wivu wa kweli, unaochoma. Mimi niliyechagua barabara kwa kinywa changu, nilitaka kuruka ndani ya maji yale nimtoe Wakio.

Nyambu alitufikia wakiwa bado hawajanawa. Alikuwa na vijana wawili wamebeba seng'enge kwa mti, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nyambu si mtu mbaya, tena ni mwungwana. Alipomwona Mama alivua kofia.

"Kwawuka, Mama."

Mama aliitikia salamu, akamuuliza na habari za kifua chake, kwa kuwa alikuwa akikohoa wiki iliyopita. Kisha akasema, "Mke wako nimempatia shamba."

Nyambu alitabasamu kidogo, hakujua kama ni mzaha. "Lakini Mama, hii shamba si nimepewa na kamati?"

"Ni yako. Sijakataa. Yeye nimempatia kazi yake."

Wale vijana wakashusha mzigo. Nyambu alimtazama mkewe, ambaye alikuwa na tope hadi kwenye viwiko na hakuinua macho. Kila mtu anajua mipango yake: kabichi bonde zima, lori lichukue, zifike Mombasa zikiwa bado na umande. Si mipango mibaya. Ana watoto wa kusomesha kama sisi.

"Na seng'enge, Mama?" aliuliza mwishowe, kama kwamba ni Mama mwenye kamati.

"Weka. Ng'ombe wamezidi. Lakini acha mlango upande huu wa njia."

Alijikuna kichwa. "Mlango si kitu, Mama."

Namwamini leo. Sijui kama nitamwamini kabichi zikianza kupata bei.

Kupanda kurudi kulituchukua muda. Mama alinishika mkono na tukapumzika kila penye jiwe. Wepesi wa mkono wake ulinitisha. Nilikuwa nimejaa maneno, nikatoa moja tu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungesema nini?"

Nilitaka kumwambia kuhusu barabara, kuhusu yule mtoto, ajue kwamba sikuchagua kwa tamaa. Nadhani alijua. Yeye ndiye aliyemwosha siku ile, na ndiye aliyetembea nyuma ya kitanda hadi viatu vyake vikabaki kwenye matope. Tulipofika pale tunapoiona barabara chini yetu alisimama, akaitazama, akasema, "Hii ni nzuri. Usinisikie vibaya. Hii ni nzuri."

Kisha, baada ya kupumua, akasema, "Kesho ushuke ukaombe nduma kwa Wakio."

"Lakini Mama, tuna chakula. Chungu chetu si kitupu."

"Ndio maana ukaombe. Ukingoja siku ya njaa, utakuwa ombaomba kwa mlango wake, na mume wake atahesabu. Ukienda sasa, na tena, na wengine wakuone, atazoea kutoa na nyinyi mtazoea kuomba. Na mlango utakaa mlango."

Tukaendelea kupanda.

Alipofika nyumbani alikula. Hakula kwa kunifurahisha, alikula kama mtu aliyetoka shambani, akaongeza, na akanilaumu kwamba chumvi haitoshi. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba ili asinione.

Kwa hiyo hofu yangu ya wiki hizi zote haikuwa na msingi. Alikuwa anaumia kwa sababu ana kitu mkononi na hana wa kumpa. Leo amempata wa kumpa. Niliyepungukiwa ni mimi.

Mdogo wake Shali ni mvulana. Namwona kutoka hapa, analamba sufuria, kimanga hadi masikioni. Siku moja ataleta mke katika nyumba hii. Kutakuwa na mabati juu na gari mlangoni, na huyo mke akipata uchungu atafika hospitali, na mtoto wake atalia. Kwa hilo namshukuru Mungu na sitaacha kumshukuru. Lakini asubuhi ile nitakayotaka kumwamsha msichana wa watu na kumwambia njoo, vua viatu, nitampeleka wapi? Nitamwonyesha cheti?

Mama amemaliza maharagwe, ananiita nikamsaidie kuinuka.

Kesho ni Jumapili. Nikitoka kanisani nitavua viatu vyangu vizuri, nitachukua sufuria tupu na kushuka bondeni, nizunguke zile katani, nisimame pale Nyambu alipoahidi kuacha mlango kwenye seng'enge. Nitabisha hodi. Miaka yote hii nimeingia na kutoka pale, nimelima, nimelia, nimemlaza mtoto kwenye nyasi zile, na sijawahi kubisha hodi.